Si Chuma Ulete, ni Daftari

Duka dogo linapofungwa katika mitaa ya Buswelu, wilayani Ilemela mkoani Mwanza, maelezo yanayotolewa aghalabu huwa ya namna moja. Mwenye duka husema kwamba fedha zilikuwa zikiingia, wateja walikuwapo asubuhi na jioni, lakini kila alipofungua droo hakukuta kitu. Majirani hutikisa vichwa na kunong'ona neno ambalo sote tunalifahamu: chuma ulete. Kwamba yuko mtu, na mara nyingi hutajwa kuwa ni bibi kizee wa nyumba ya pili, anayeleta noti yake dukani na noti hiyo ikaondoka na wenzake kwa njia za giza.

Leo tumeona tulizungumze jambo hili kwa uwazi, kwa kuwa limewagharimu watu wetu mitaji, na wengine limewagharimu roho. Tunasema bila ya kumung'unya maneno kwamba katika maduka yaliyokufa kwa kinachoitwa chuma ulete, mwizi alikuwamo ndani ya duka lenyewe, tena aliingia mchana kweupe na kwa ruhusa ya mwenye mali. Wahenga walikwisha kutuachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Nao hawakusema kwamba hupotea kwa uchawi.

Na tuanze kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuchukue mfano wa kukadiria tu. Mtu amefungua duka la rejareja Buswelu kwa mtaji wa shilingi 1,200,000. Kila siku anauza bidhaa za shilingi 90,000, na katika kila shilingi 100 ya mauzo anapata faida ya shilingi 12. Basi kwa siku faida yake kabla ya gharama ni shilingi 10,800. Mtu huyu hujiona ameneemeka, kwani jioni hushika mkononi shilingi 90,000, na macho yake huziona zote kuwa ni zake.

Sasa tuangalie kinachotoka. Kodi ya pango ni shilingi 60,000 kwa mwezi, sawa na 2,000 kwa siku. Umeme na mchango wa mlinzi ni shilingi 1,000. Nauli ya kufuata mzigo mjini pamoja na vocha za simu ni shilingi 1,500. Mchele, mafuta, sukari na sabuni vinavyochukuliwa rafuni kupelekwa nyumbani, bila ya kuandikwa wala kulipiwa, ni shilingi 5,000. Na mikopo ya "niandikie, nitakuletea mwisho wa mwezi" ambayo hairudi ni shilingi 3,000. Jumla yake ni shilingi 12,500 kwa siku. Faida ilikuwa 10,800. Kila siku duka linakula shilingi 1,700 kutoka katika mtaji wake lenyewe. Kwa mwezi ni shilingi 51,000. Kwa mwaka ni shilingi 612,000, yaani zaidi ya nusu ya mtaji wote.

Ndugu msomaji, huyo ndiye chuma ulete. Hana macho mekundu, wala hatembei usiku. Ni shilingi 1,700 ambazo hakuna aliyeziandika.

Wengine watatuona tunalifanyia mzaha jambo la watu. La, hatufanyi mzaha. Kanda hii ya Ziwa inajua vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi nini hutokea pale watu wanapotafuta sababu za hasara, au njia za utajiri, kwa waganga badala ya kuzitafuta katika hesabu. Vikongwe katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga wamekatwa mapanga kwa kutuhumiwa uchawi, mara nyingine kwa sababu tu ya wekundu wa macho yaliyounguzwa na moshi wa jiko kwa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi waliuawa na kukatwa viungo, hasa katika miaka ya 2007 na 2008, kwa imani kwamba viungo hivyo vingeleta bahati katika biashara, uvuvi na uchimbaji wa madini. Balaa hilo ndilo lililoifanya Serikali, Januari 2009, kufuta vibali vya waganga wa jadi. Kwa hiyo anayemtaja jirani yake kuwa chuma ulete asidhani anatamka neno jepesi. Mbali ya kuwa ni dhulma na dhana mbaya ambayo dini yetu imeikataza, ni cheche katika nyasi kavu. Na anayelipeleka duka kwa mganga ameongeza gharama nyingine juu ya zile za mwanzo, pamoja na kuiweka imani yake hatarini.

Dawa ya maradhi haya ni daftari. Nalo si geni kwetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii sala wala saumu. Inazungumzia kuandikiana deni: kwamba deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Ni ajabu, basi, kumwona Muislamu anayejitahidi sana katika ibada, lakini duka lake halina hata daftari la kurasa 40, na madeni yote ameyahifadhi kichwani.

Mwenye duka dogo hahitaji msomi wa uhasibu. Yanamtosha madaftari matatu. La kwanza ni la mauzo na matumizi, ambalo kila siku huandikwa kilichoingia na kilichotoka, na jioni fedha za droo huhesabiwa zikalinganishwa na maandishi. La pili ni la mzigo: kilinunuliwa nini, lini, kwa nani na kwa bei gani, na mwisho wa mwezi bidhaa zilizobaki rafuni huhesabiwa moja moja. La tatu ni la madeni, lenye kurasa mbili kwa kila mtu: ukurasa wa anachodaiwa na ukurasa wa alichokwisha kulipa, na kila mara mdaiwa atie sahihi yake au alama. Kazi hiyo haizidi nusu saa kila jioni. Nusu saa hiyo ndiyo bei ya kujua ukweli.

Pamoja na hayo lipo jambo la kutenganisha mfuko wa duka na mfuko wa nyumba. Hili ni gumu kuliko kuandika, maana linagusa mke, mume, watoto na wazazi. Mwenye duka ajiwekee posho, hata kama ni shilingi 4,000 kwa siku, na posho hiyo iandikwe kama gharama nyingine yoyote. Kilo ya mchele ikichukuliwa rafuni, ilipiwe kutoka katika posho. Shangazi akija kutoka Magu au Sengerema naye anahitaji nauli ya kurudi, nauli hiyo itoke katika posho, isitoke droo ya duka. Ukarimu ni sifa njema, lakini anayekirimu kwa mtaji hukirimu mara moja tu, kisha huungana na wanaoomba.

Ama kuhusu kukopesha wateja, hatusemi lifungwe kabisa. Buswelu ni mahali penye watumishi wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi, mafundi wanaolipwa kazi ikimalizika, na akina mama wanaosubiri fedha za dagaa kutoka mwaloni. Asiyekopesha kabisa atawapoteza. Lakini liwepo kiwango. Mwenye duka aamue kwamba jumla ya madeni yote haitazidi, kwa mfano, sehemu moja ya kumi ya mtaji, na kiwango hicho kikifika, hakopeshwi mwingine mpaka mmoja alipe. Asiyelipa deni la kwanza asipewe la pili, awe ni ndugu, kiongozi wa mtaa au jirani wa safu moja msikitini. Na hapa tuwageukie wadaiwa pia. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipoletewa jeneza alikuwa akiuliza iwapo marehemu ameacha deni. Wapo miongoni mwetu wanaoona deni la msikiti ni zito na la duka la mtaani ni jepesi. Lile la shilingi 3,500 za unga ni deni sawa na mengine, na mwenye kulidai huenda amefunga duka kwa ajili yake.

Tuje sasa kwenye mtego unaowanasa wengi pale mtaji unapopungua. Mwenye duka ambaye hakuandika, na hivyo hakujua kwamba anapoteza shilingi 1,700 kwa siku, hugutuka siku rafu zikiwa tupu. Hapo ndipo anapowaendea wale ambao wananchi wenyewe wamewapa jina linalowastahili: kausha damu. Tuendelee na mfano wetu. Akikopa shilingi 300,000 na kutakiwa kurejesha 13,000 kila siku kwa siku 30, atakuwa amerejesha 390,000. Ziada ni shilingi 90,000, sawa na asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Lakini tuliona kwamba faida yake nzima kwa siku, kabla hajalipa pango wala kula, ni shilingi 10,800. Basi atazitoa wapi 13,000? Atazitoa katika mtaji, kisha atakopa kwa kausha damu wa pili kumlipa wa kwanza, na mwisho kitachukuliwa kitanda, friji, na wakati mwingine heshima ya ndoa.

Kwa Muislamu, riba ni haramu iwe asilimia 30 au moja, na hatuna haja ya kulirefusha hilo. Lakini hata yule asiyefungwa na hukumu hiyo ajue kwamba sheria za nchi zipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeiweka biashara ya kukopesha chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania, na mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji hao, nao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila ya leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo walikuwa wakiwatangaza na kuwadhalilisha wadaiwa kwa ndugu na marafiki zao. Mwenye kukopa aulize kwanza leseni, adai mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, na asiache kadi yake ya benki, namba yake ya siri wala hati ya nyumba mikononi mwa mtu asiyemjua.

Njia nyingine zipo, na baadhi ziko karibu sana na mkazi wa Buswelu. Makao makuu ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, iliyoanza mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Jiji la Mwanza, yapo hapo hapo Buswelu. Sheria inazitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Utaratibu wake ulisimamishwa Aprili 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, kisha ukarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/2025. Inasikitisha kumwona mtu akipita mbele ya ofisi yenye fungu lisilo na riba, akielekea kwa kausha damu, kwa sababu tu hakupata kuuliza. Wakiungana wenye maduka wanaoaminiana, wakaandikisha kikundi chao na kuweka kumbukumbu zao vizuri, afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mtu wao wa kwanza kumwona.

Aidha, zipo benki zinazotoa huduma zisizo na riba. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi hiyo, na baadaye benki nyingine, CRDB ikiwa miongoni mwao, zimefungua madirisha ya namna hiyo. Na ipo michezo yetu ya zamani ya kupeana fedha kwa zamu. Huo ni msaada mzuri iwapo wachezaji ni wachache, wanajuana, na zamu zimeandikwa. Lakini tahadhari: mchezo ukigeuka kuwa wa kuahidiwa kuvuna bila ya kufanya kazi, huo si mchezo tena. Waliopanda mbegu zao kwa DECI, mpaka Serikali ilipoifunga mwaka 2009, bado wapo wanaosimulia walichopoteza. Majina hubadilika, na siku hizi huja kwa njia ya simu, ila hesabu ni ile ile: fedha za anayeingia leo ndizo analipwa aliyeingia jana.

Kutunza mali ni pamoja na kuilinda na moto na wezi. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, na Soko la Karume la Ilala lilipoungua Januari 16, 2022, wafanyabiashara walisimama asubuhi wakiangalia majivu ya jasho la miaka. Usidhani kwamba moto ni wa Dar es Salaam tu. Duka lenye petroli ya chupa karibu na jiko, nyaya za umeme zilizoungwa na fundi wa mtaani asiye na leseni, na koroboi juu ya maboksi, tayari limekwisha kuualika. Ndoo mbili za mchanga, kizima moto kidogo, na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iliyoandikwa ukutani si gharama kubwa. Na mwenye uwezo aulize habari za bima. Kwa wanaochelea bima za kawaida kwa sababu za kidini, bima ya takaful sasa imeanza kupatikana nchini. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumzuii mtu kuchukua hadhari. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwa yule bedui ni kwamba amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake.

Kuhusu wezi, Wasukuma ndio waliowafundisha Watanzania sungusungu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Roho ya sungusungu ni majirani kujuana na kulindana, na hiyo haijapitwa na wakati. Wenye maduka ya mtaa mmoja waweke mlinzi mmoja kwa pamoja, ajulikane katika ofisi ya Serikali ya Mtaa, na alipwe kwa wakati, kwani mlinzi asiyelipwa ni mlango uliofunguliwa. Wala tusitumie neno ulinzi kuhalalisha kumpiga na kumchoma mtu moto. Mshukiwa ni wa kupelekwa polisi.

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, droo ya duka imehamia pia kwenye simu, na wezi nao wamehamia huko. Wapo wanaotuma ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii", wakitumaini kumpata aliyekuwa na deni la kweli. Wapo wanaomwonyesha muuzaji ujumbe wa malipo ambayo hayakufanyika. Wapo wanaopiga simu wakijifanya watumishi wa kampuni ya simu na kuulizia namba ya siri. Kanuni ni tatu. Bidhaa isitoke mpaka muuzaji aangalie salio lake mwenyewe katika simu yake mwenyewe. Namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata kijana wa dukani. Na malipo ya duka yapokelewe kwa namba ya malipo ya biashara, si kwa namba binafsi ambayo ndugu nao hutumia kuomba na kutumiwa. Namba ya tapeli itumwe kwenda 15040, na kila mtu ahakiki kwa kupiga *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Hali kadhalika tuzungumzie mizani na karatasi. Mizani ya duka ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Suratul Mutaffifin imeanza kwa onyo kali dhidi ya wanaopunguza wanapowapimia watu, na onyo hilo halikumsamehe mwenye duka dogo kwa sababu ya udogo wa duka lake. Ama karatasi, wapo wanaodhani kukimbia ofisi za Serikali ni ujanja. Namba ya mlipakodi hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato. Jina la biashara huandikishwa Brela, na leseni hupatikana halmashauri. Asiye na hivyo hawezi kusimama mbele ya benki, wala kudai fidia, wala kulinda jina lake pale mwingine anapolichukua.

Na hata katika kodi daftari humlipa mwenyewe. Katika viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yaliyozidi shilingi milioni 4 lakini hayazidi milioni 7 kwa mwaka, akiwa hana kumbukumbu, alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Basi mwenye mauzo ya milioni 5 aliyekuwa na daftari alilipa shilingi 30,000, na jirani yake mwenye mauzo kama hayo asiye na daftari akalipa 100,000. Viwango hubadilika kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo ni wajibu kuuliza vya mwaka huu. Lakini somo linabaki: shilingi 70,000 zilikuwa ndiyo thamani ya daftari la shilingi elfu moja au mbili.

Tumeliacha la mwisho likiwa zito kuliko yote. Biashara nyingi ndogo huzikwa siku moja na mwenyewe. Mume amefariki, mjane anajua kwamba kulikuwa na fedha kwenye simu, lakini hajui ni laini ipi, anajua kwamba wapo wanaodaiwa, lakini hakuna aliyeandikwa, na kabla ya matanga kuisha wamekuja watu watatu wakisema wao ndio waliokuwa wakimdai marehemu. Nani atathibitisha? Sheria ya mirathi ya Kiislamu imeweka mpango: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi, na kinachobaki ndicho kinachogawiwa warithi. Mpango huo hauwezi kutekelezwa kwa haki iwapo mali na madeni vilikuwa kichwani mwa marehemu. Daftari ndilo linalomlinda mjane asidhulumiwe na wanaokuja na madai ya uongo, na ndilo linalomlinda marehemu asibaki na haki ya mtu shingoni. Kwa hiyo kila mwenye biashara aandike wosia wake mbele ya mashahidi. Rita, kwa mfano, huandika na kuhifadhi wosia. Na mke, au mtoto mkubwa, au ndugu mwaminifu, aonyeshwe madaftari yalipo na ajue kuyasoma.

Tunatoa rai kwa maimamu na walimu wa madrasa wa Buswelu na kwingineko: jioni moja katika wiki baada ya sala ya Isha inatosha kuwafundisha waumini kufungua kurasa, kuandika kilichoingia na kilichotoka, na kujumlisha. Wasichana na wavulana waliomaliza darasa la saba, ambao wako mitaani wakiuza maji na karanga, wanaweza kuwafundisha wazazi wao. Elimu ya muamala ni sehemu ya dini kama ilivyo elimu ya udhu. Na tunatoa rai kwa halmashauri iwatume maafisa wake kwenye misikiti, makanisa na masoko kueleza habari za mikopo isiyo na riba, kuliko kusubiri wananchi waje kugonga milango wasiyoijua.

Mji unakua. Daraja la Kigongo na Busisi lililozinduliwa Juni 19, 2025 limeondoa foleni ya vivuko kati ya Mwanza na upande wa Sengerema na Geita, na bidhaa na watu wanapita kwa wingi kuliko zamani. Nafasi zitakuja, na washindani nao watakuja, wengi wao wakiwa na mitaji mikubwa. Mwenye duka dogo hatawashinda kwa hirizi iliyofukiwa kizingitini. Atasimama nao iwapo anajua kwa hakika, kila jioni, ni shilingi ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, na nani anamdai.

Basi usiku huu kabla ya kufunga duka, mwenye duka na afungue ukurasa wa kwanza, aandike tarehe ya leo, na ahesabu. Akiona pengo la shilingi 1,700, asimtafute bibi wa nyumba ya pili. Ageuze ukurasa, aliangalie pengo hilo linapoanzia, na alizibe.

Wabillahi tawfiq.